Mswada Uliolazwa na Mtu Asiyeonekana

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima: Historia na Uraia

Leo tunasoma historia, lakini si ya vita wala ya wafalme. Tunasoma jinsi sheria inavyoweza kucheleweshwa na mtu ambaye jina lake halijulikani. Wewe unayesikiliza ukiwa Mkuyuni au Mgeta, na wewe uliye mjini Morogoro, usidhani kwamba jambo hili ni la watu wa ng'ambo peke yao. Tutaanzia huko huko mlimani kwenu.

Chukua daftari. Maneno ya kuandika leo ni manne tu: mswada, kushikilia, akidi, na kura ya wazi. Nitaeleza kila neno litakapofika.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Kiingereza iliyotawala Tanganyika iliingiwa na wasiwasi juu ya milima ya Uluguru. Miteremko ni mikali, mvua ni nyingi, na kila masika udongo ulichukuliwa na maji mpaka mtoni. Mto Ruvu unaanzia humo, mto ambao leo maji yake hunywewa na watu wa Dar es Salaam. Wasiwasi huo haukuwa wa uongo. Mtu ye yote aliyelima mlimani ameona shamba lake likishuka bondeni usiku mmoja.

Basi mwaka 1950 ukaanzishwa mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru. Dawa iliyochaguliwa ilikuwa matuta ya ngazi, yaani kuukata mlima kama ngazi za nyumba ili maji yasishuke kwa kasi. Watu walitakiwa kwenda kuchimba, wapende wasipende. Bwana Shamba alipita kukagua, na aliyekosa aliweza kushitakiwa na kutozwa faini.

Sasa sikiliza kwa makini. Amri hiyo ilipitaje? Ni nani aliyeulizwa? Mkulima wa Matombo hakuwa na mbunge. Amri za namna hii zilitolewa kwa jina la serikali ya wenyeji, yaani wakubwa ambao kazi zao zilitegemea kukubaliwa na Mwingereza. Juu yao, Dar es Salaam, lilikuwako Baraza la Kutunga Sheria, lakini hata humo hapakuwa na mtu aliyechaguliwa na wananchi. Mwaka 1955 Gavana Twining alilipanua Baraza hilo likawa na wajumbe 30 wasio watumishi wa serikali: Waafrika 10, Waasia 10 na Wazungu 10. Wote waliteuliwa na Gavana mwenyewe. Waafrika wa Tanganyika wakati huo walikuwa zaidi ya milioni 8, na Wazungu walikuwa kama 20,000 tu. Fanya hesabu hiyo mwenyewe.

Kwa hiyo amri ya matuta ilishuka kama jiwe linaloporomoka mlimani, na njiani hapakuwa na mtu wa kulisimamisha.

Hapo watu wa mlimani wakaichelewesha kwa namna waliyoiweza. Walikwenda kazini kwa uzito. Wengine hawakwenda kabisa. Walikuwa na sababu zao, na nyingi zilikuwa sababu za kweli. Udongo wa Uluguru wenye rutuba ni wa juu tu, nao si mnene. Ukichimba ngazi unaufukia huo mzuri na kuuleta juu ule wa chini usiozaa kitu. Mahindi yakadhoofika. Tena ardhi ya Waluguru ni ya ukoo, nayo hufuata upande wa mama, na wako walioogopa kwamba ardhi ikishakatwa na kupimwa itachukuliwa. Upande wa Mgeta, ambako watu walilima mboga za kuuza, faida ya matuta ilionekana zaidi. Lakini upande wa mashariki, watu waliona wanatwishwa kazi isiyo na chakula ndani yake.

Mwezi wa Julai 1955 ghasia zikatokea Matombo. Umati ulikusanyika, polisi wakafika, risasi zikapigwa, na mtu mmoja akafa. Baada ya hapo serikali ikaacha kuwalazimisha watu kuchimba matuta. Hiyo ndiyo bei iliyolipwa kwa sababu hapakuwa na mahali pa kusema, kwa amani na kwa sauti, "Ngojeni kwanza, tujaribu udongo huu."

Andika jambo hili pembeni mwa ukurasa, maana tutalihitaji tena: wale wachimbaji walioichelewesha amri hawakujitaja majina. Aliyejitaja angepelekwa mahakamani. Walijificha kwa kuogopa fimbo.

Mwaka 1957 Mwalimu Julius Nyerere aliteuliwa kuingia katika lile Baraza la Kutunga Sheria. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo alijiuzulu, na alieleza wazi kwa nini: alitoa mapendekezo, nayo serikali haikuyakubali. Naitaja habari hiyo ili uwe na mfano wa mtu anayepinga huku jina lake likiwa juu ya karatasi. Uchaguzi wa kwanza ulifuata mwaka 1958 na 1959.

Sasa tuingie ndani ya bunge la watu waliochaguliwa, tuone sheria inavyotengenezwa.

Neno letu la kwanza ni mswada. Mswada ni sheria ambayo haijawa sheria bado. Ni kama mtoto aliye tumboni. Katika nchi yetu mswada hutangazwa, husomwa Bungeni mara ya kwanza, hupelekwa katika kamati, hurudi kusomwa mara ya pili na kujadiliwa, hupitiwa kifungu kwa kifungu, husomwa mara ya tatu, kisha hupelekwa kwa Rais atie sahihi. Rais naye anaweza kuurudisha pamoja na sababu zake, na ukirudishwa hivyo hauletwi kwake tena kabla ya miezi 6 kupita, isipokuwa umeungwa mkono na theluthi mbili ya wabunge wote.

Utaona kwamba milango ni mingi. Mtu asiyeutaka mswada anaweza kusimama mbele ya watu akasema, "Mimi siutaki, na sababu zangu ni hizi," halafu akapiga kura ya kuukataa. Huyo hatuna ugomvi naye. Lakini anaweza pia kusimama kimya katika mlango mmojawapo, gizani, asiseme lo lote, na mswada usipite. Mswada wa namna hiyo haukuuawa. Umelazwa usingizi, na aliyeulaza hajulikani.

Mfano ulio maarufu kuliko yote unatoka Marekani. Huko Bunge lina mabaraza mawili, na la juu linaitwa Seneti. Lina watu 100, wawili kutoka kila jimbo. Kwa kuwa kazi ni nyingi, mambo mengi ya Seneti hupitishwa kwa ridhaa ya wote. Kiongozi huuliza kama kuna anayepinga. Pakiwa kimya, shauri limekwisha. Lakini mmoja tu akipinga, inabidi wafuate njia ndefu, ambayo hula siku nyingi na kwa kawaida huhitaji kura 60 ili mjadala ufungwe.

Kutokana na utaratibu huo ikazaliwa desturi ambayo kwa muda mrefu haikuandikwa katika kanuni yo yote. Seneta humwambia kiongozi wa chama chake kwa siri, au humwandikia barua: mswada fulani ukiletwa, mimi nitapinga. Kiongozi akishajua hivyo, hauleti. Hiyo ndiyo maana ya neno letu la pili, kushikilia mswada. Na kiongozi hakulazimika kumtaja aliyeushikilia. Mtu mmoja katika watu mia aliweza kuulaza mswada, na wale 99 wasijue ni nani.

Sisi tuliozoea mikutano ya kijiji tunaona ajabu. Kijijini mtu akinuna tu bila kutoa sababu, mzee humwambia, "Sema, tukusikie." Seneti haikuwa na mzee wa namna hiyo.

Mwaka 2006 uliletwa mswada wa kuitaka serikali ya Marekani iorodheshe kwenye mtandao wa intaneti fedha inazotoa, yaani misaada na mikataba, ili kila mwananchi aone ni nani aliyepewa nini. Walioutoa walikuwa Seneta Tom Coburn wa jimbo la Oklahoma na Seneta Barack Obama wa Illinois. Huyo wa pili unamjua; baba yake alikuwa Mjaluo wa Kenya, na miaka miwili baadaye mwana akachaguliwa kuwa Rais. Mwezi wa Agosti mswada wao ukakwama. Mtu alikuwa ameushikilia, naye hakujitaja. Fikiri kidogo, ndugu msomaji: mswada wa kuweka mambo wazi, umezuiwa kwa siri!

Wananchi wakafanya jambo la akili sana. Hawakuandamana. Waliandika orodha ya Maseneta wote 100, wakaanza kupiga simu katika ofisi zao, moja baada ya moja, wakiuliza swali moja: "Je, ni wewe?" Aliyekana, jina lake lilikatwa. Orodha ikapungua siku kwa siku, kama chungu kinachokauka motoni, mpaka ofisi ya Seneta Ted Stevens wa Alaska ikakiri. Baada yake Seneta Robert Byrd wa West Virginia akakubali kwamba naye aliushikilia. Wote wawili walikuwa wazee wenye nguvu nyingi katika Seneti. Mara majina yalipojulikana, mswada uliachiliwa. Ulipita mwezi wa Septemba, na tarehe 26 mwezi huo Rais George W. Bush alitia sahihi.

Utaona kwamba hakuna aliyewashinda wazee wale kwa hoja. Walichopoteza ni ule usiri, na usiri ulipokwisha hawakuwa na la kusimamia.

Mwaka uliofuata, 2007, ikatungwa sheria ya kumtaka mwenye kushikilia ajitaje baada ya siku 6 za vikao. Je, hila ikaisha? Haikuisha. Wengine walibuni mchezo wa kupokezana: mmoja anashikilia, siku zake zinapokaribia kutimia anaachia, na mwenziwe anaushika mswada huo huo, hesabu ya siku ianze upya. Ni kama watoto wawili wanaopokezana embe la kuiba. Ukimkagua huyu, liko kwa yule. Mwezi wa Januari mwaka 2011 ulipokaribia mwisho wake, Seneti ikapiga kura 92 kwa 4 kwamba jina litajwe baada ya siku 2 za vikao. Kushikilia kwenyewe kunaendelea hata sasa. Kilichokatazwa ni kujificha.

Turudi karibu na nyumbani. Kenya walipata Katiba mpya tarehe 27 Agosti 2010. Ndani yake mlikuwa na ahadi kwamba katika vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa, watu wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili. Maana yake kwa lugha ya darasani: katika kila watu 3, wanaume wasiwe wote watatu. Bunge lilipewa miaka 5 kutunga sheria ya kuitimiza ahadi hiyo, yaani mpaka Agosti 2015. Muda ulipokwisha, wakajiongeza mwaka mmoja.

Miswada ililetwa. Kwa kuwa ilihusu kubadili Katiba, ilihitaji theluthi mbili ya wabunge wote, si ya wale waliohudhuria tu. Baraza lao la Taifa lina wabunge 349. Tufanye hesabu pamoja. Gawanya 349 kwa 3, kisha zidisha kwa 2. Jibu ni 232 na sehemu kidogo. Na kwa kuwa mbunge hagawanyiki, zinatakiwa kura 233.

Mwaka 2016 kura hizo hazikupatikana. Mwezi wa Novemba 2018 jambo lilipangwa tena, likaahirishwa kwa kuwa watu hawakutosha. Tarehe 27 Februari 2019 likaletwa tena, na waliokuwamo ukumbini walikuwa 174. Toa 174 katika 349, utapata viti vitupu 175. Viti vitupu vilizidi vyenye watu.

Hapa tuandike neno la tatu, akidi. Akidi ni idadi ya watu inayotakiwa ili kikao kiweze kuamua. Katika Bunge letu la Tanzania, kwa mujibu wa Katiba, akidi ni nusu ya wabunge wote. Kule Kenya siku ile idadi iliyotakiwa ilikuwa kubwa zaidi kwa sababu ya uzito wa jambo lenyewe. Lakini mbinu ni ile ile: huna haja ya kusema "Hapana." Kaa nje tu.

Mbunge aliyekaa nje alifanya kazi ile ile ya mbunge aliyekataa, maana kura yake ilikosekana vile vile. Tofauti ni kwamba aliyekataa ameandikwa kuwa amekataa. Aliyekaa nje huenda alikuwa mgonjwa, huenda alikuwa safarini, huenda alikuwa anakunywa chai. Akirudi jimboni kwake anaweza kuwatazama akina mama usoni na kuwaambia kwamba yeye yuko pamoja nao siku zote. Na ni nani atakayembishia? Waliokuwa na udhuru wa kweli nao wamo katika hesabu hiyo ya 175, na ndiyo sababu wasio na udhuru wamejificha vizuri hivyo.

Mahakama ziliamuru, muda ukapita. Tarehe 21 Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais Uhuru Kenyatta alivunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria hiyo, kama Katiba yenyewe ilivyoelekeza. Siku chache baadaye Mahakama Kuu ikausimamisha ushauri huo kwanza. Bunge halikuvunjwa, liliendelea mpaka uchaguzi wa Agosti 2022, na ahadi ya 2010 ikavuka nalo bila kutimizwa.

Pengine sasa unasema, basi dawa ni rahisi: kila kura iwe ya wazi. Neno letu la nne ni hilo. Kura ya wazi ni ile ambayo jina la mpiga kura linajulikana pamoja na upande alioufuata. Lakini usiharakishe. Kumbuka ulichoandika pembeni mwa ukurasa juu ya wachimbaji wa mlimani.

Mwaka 2014 jambo hili liligawanya watu hapa kwetu. Mwezi wa Februari Bunge Maalum la Katiba lilikutana Dodoma kujadili Rasimu ya Katiba mpya. Humo walikuwamo wabunge wa Jamhuri ya Muungano, wajumbe wa Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, na watu wengine 201 walioteuliwa na Rais kutoka makundi mbalimbali. Kabla hata ya kufungua ukurasa wa kwanza wa Rasimu, walibishana kwa majuma mengi juu ya kanuni, na ubishi mkubwa ulikuwa huu: tupige kura ya siri au ya wazi?

Waliotaka kura ya wazi walisema mjumbe hana haki ya kuwaficha wananchi. Waliotaka ya siri walisema mjumbe akionekana na chama chake atapiga kura ya chama, si ya moyo wake. Mimi nakiri kwamba hoja zote mbili zina uzito. Mwishoni walikubaliana kila mjumbe achague mwenyewe, ya siri au ya wazi. Mwezi wa Aprili wajumbe wa upinzani waliojiita UKAWA walitoka nje ya ukumbi, wakitazamwa na nchi nzima, na hawakurudi. Waliobaki walipitisha Katiba Inayopendekezwa tarehe 2 Oktoba 2014. Wananchi walikuwa waipigie kura tarehe 30 Aprili 2015. Mwanzoni mwa mwezi huo kura hiyo iliahirishwa, kwa kuwa uandikishaji wa wapiga kura ulikuwa haujakwisha. Uchaguzi Mkuu ukaja Oktoba mwaka huo, na kura ya maoni haikupangiwa tarehe nyingine.

Sasa pima. Mchimbaji wa Matombo alijificha kwa sababu akionekana angeadhibiwa na mtu ambaye hakumchagua. Mjumbe wa Dodoma aliyetaka siri alisema anaogopa chama chake. Lakini Seneta wa Marekani na mbunge aliyekaa nje ya ukumbi wa Nairobi walikuwa wakiwaficha wale wale waliowatuma. Mtumwa akimficha bwana wake jambo, tunamwelewa. Karani tuliyemwajiri sisi wenyewe akitufungia daftari letu, hilo ni shauri jingine. Mimi sioni kwamba mambo hayo mawili yapimwe kwa mizani moja.

Tena sipendi uondoke hapa ukidhani kwamba kuchelewesha ni uovu. Kama mwaka 1950 angalikuwapo mtu mmoja tu barazani mwenye uwezo wa kusimama na kusema, "Mimi fulani naomba amri hii ingoje mwaka mmoja, tuchimbe kwanza mashamba mawili matatu tuone mahindi yatakavyotoka," yamkini yule mtu wa Matombo asingekufa. Uchelewesho wa namna hiyo una mwenyewe. Unaweza kumwuliza: Mwaka umetimia, sasa unasemaje?

Lakini uko uchelewesho ambao huna wa kumwuliza, na mfano wake tunao. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa idhini ya wazazi, na hata miaka 14 kwa ruhusa ya mahakama. Mvulana akawekewa 18. Rebeca Gyumi alikwenda Mahakama Kuu, na Julai 2016 mahakama ikasema vifungu hivyo vinapingana na Katiba, ikatoa mwaka mmoja virekebishwe. Serikali ilikata rufani. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufani hiyo. Ilielezwa baadaye kwamba yakusanywe kwanza maoni zaidi, ya viongozi wa dini na ya wananchi wengine. Kuuliza watu ni jambo jema. Hata hivyo, mwaka 2024 ulipofika, miaka 5 baada ya hukumu ya rufani, vifungu vile vilikuwa bado havijabadilishwa. Bunge halikupiga kura ya kukataa marekebisho hayo. Hakuna mtu aliyesimama akasema, "Mimi ndiye ninayezuia." Msichana aliyekuwa na miaka 9 siku ya hukumu ya kwanza alikuwa na miaka 17 wakati huo.

Katika Bunge letu miswada mingi huamuliwa kwa sauti. Mwenye kiti huwahoji wabunge. Wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme siyo. Sauti hutoka kwa pamoja, kama watu wanaoitikia ngoma, na sauti hazina majina. Taarifa Rasmi ya Bunge itakuonyesha ni nani aliyezungumza na alisema nini, neno kwa neno. Lakini katika kura ya sauti haiwezi kukuonyesha ni nani aliyeitika nini, wala ni nani aliyenyamaza.

Iko siku moja katika mwaka ambayo ni tofauti. Mwezi wa Juni, Bajeti ya Serikali inapoamuliwa, majina ya wabunge huitwa moja moja, na kila mmoja hujibu peke yake. Mwisho hutangazwa hesabu ya waliosema ndiyo, ya waliosema hapana, na ya wale ambao hawakuwapo.

Kazi ya juma hili ni hii. Andika katika daftari jina la mbunge wa jimbo lako. Usipolijua, muulize mwenzio wa dawati la mbele. Kisha liweke daftari hilo mpaka Juni. Siku ya kuitwa majina, kaa karibu na redio, penseli mkononi. Jina hilo litakapoitwa, andika mbele yake neno utakalolisikia. Usiposikia neno, andika hivyo hivyo: hakuitika.